"Ukumbusho wa babu" au "kumbukumbu ya babu"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu yetu alikuwa mvuvi wa dagaa hapa Ujiji. Mwezi ujao anatimiza mwaka tangu afariki, nasi tunamjengea kaburi. Mjomba anataka kibao kiandikwe "Ukumbusho wa babu yetu", mama mdogo anataka "Kumbukumbu ya babu yetu". Nani yuko sahihi? Na shughuli yenyewe tuiiteje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana.

Maneno yote mawili yamezaliwa na kukumbuka. Kumbukumbu ni kile unachokikumbuka, kinakaa moyoni na mdomoni. Ukumbusho umepitia kukumbusha, basi ni kitu kinachokufanya ukumbuke. Hapo hapo Ujiji mnao mnara unaoonyesha mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Mnara ule ni ukumbusho, na eneo lake tunaliita makumbusho. Kisa wanachosimuliwa wageni chini ya miembe ndiyo kumbukumbu.

Kwa hiyo kibao ni ukumbusho, mjomba hajakosea. Tatizo liko kwenye hiyo "wa". Ukumbusho wa babu waweza kuwa kitu cha kumkumbushia babu, na waweza pia kuwa kitu alichotuachia yeye mwenyewe. Kama karabai yake mmeitunza, ile aliyoipiga pampu jioni kabla ya kuingia ziwani, mkono mmoja ukikinga upepo, hiyo ndiyo ningeiita ukumbusho wa babu bila kusita. Kaburini ningeandika "Kwa kumbukumbu ya babu yetu". Hiyo "kwa" inaeleza kwa nini kibao kimewekwa, na msomaji hababaiki.

Huenda mtu akawashauri muandike "kumbukumbu la babu", kwa kuwa masikio yamezoea Kumbukumbu la Torati. Hilo ni jina la kitabu, liacheni lilivyo. Katika usemi wa kila siku neno liko ngeli ya I-ZI: kumbukumbu ya babu, kumbukumbu za babu. Kabla fundi hajaanza kuchonga, msomeeni herufi kwa herufi. Kosa la kwenye saruji halifutiki kwa kifutio.

Shughuli iiteni kumbukizi, neno tunalolisikia kila tarehe 14 Oktoba Mwalimu Nyerere anapokumbukwa. Arobaini ilishapita na ina jina lake, msirudie kuitumia hapa. Kwenye kadi andikeni: "Kumbukizi ya mwaka mmoja wa kifo cha babu yetu."