Tamasha la michezo ya mezani Iringa: nendeni kundi, ila msikae meza moja

Mkuu, umeuliza kama inafaa nyie wanne mtoke Mbeya hadi Iringa kwa tamasha la michezo ya mezani la siku mbili, ilhali mnachokijua ni drafti, karata na bao kidogo. Una wasiwasi mtafika mkae pembeni mkiangalia wenye ujuzi. Mimi na wenzangu wa Soweto na Uyole, hapa Mbeya, tumeshakwenda, tena zaidi ya mara moja, na tutaendelea kwenda. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Inafaa sana. Ila kabla hamjachanga nauli, kubalianeni jambo moja: mkishaingia ukumbini, tawanyikeni.

Najua mtasema mmekuja pamoja ili mcheze pamoja. Lakini kundi likishajaza meza, hakuna mgeni anayethubutu kuvuta kiti, na nyie wenyewe hamtainuka. Mtashinda hapo kutwa nzima na watu ambao mngeweza kucheza nao Jumapili yoyote pale Kabwe. Kilichowatoa Mbeya ni wale msiowajua: mwanafunzi wa Chuo cha Mkwawa mwenye boksi la michezo aliyoletewa na ndugu yake, mwalimu kutoka Mafinga, fundi wa Makambako ambaye ukikaa naye kwenye drafti unahesabu kete zako zinavyoondoka. Watu hao huwapati wote mahali pamoja siku nyingine.

Sisi asubuhi kila mtu anatafuta meza yake, au wawili wawili kama kuna mwenye aibu. Mchana tunakutana kula na kupeana habari: meza ile ina watu wazuri, ile nyingine wanagombana, pale mlangoni kuna mzee usimkose. Alasiri tunatawanyika tena. Usiku tunakolala ndipo tunacheza sisi kwa sisi.

Kuhusu kutoijua michezo ya kigeni, ngoja nikupe mfano wa Catan, maana karibu kila tamasha utaukuta. Ni mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber, ulitoka mwaka 1995. Mnagawana kisiwa cha vigae 19, na vigae hivyo, isipokuwa jangwa, vinatoa mali: mbao, matofali, sufu, ngano au madini. Dadu mbili zinarushwa, namba ikitoka, mwenye kijiji kando ya kigae chenye namba hiyo anavuna. Wa kwanza kufikisha pointi 10 ndiye mshindi. Hakuna anayevuna kila anachohitaji, kwa hiyo lazima mbadilishane, na utamu wote uko hapo.

Mwenzetu mmoja anauza mchele Mwanjelwa. Boksi la Catan alikuwa hajawahi hata kuliona. Mizunguko ya mwanzo alikaa kimya akisikiliza. Alipoelewa kwamba biashara inaruhusiwa, akasogeza kiti. "Dada, wewe una kondoo wengi na huna pa kuwapeleka. Nipe wawili nikupe tofali, na zamu ijayo nakuuzia jingine kwa bei hiyo hiyo." Hakuwa anaangalia dadu tena, alikuwa anaangalia mikono ya watu. Anakumbuka nani alikosa ngano zamu mbili zilizopita, anamfuata kabla hajaomba. Akashinda meza hiyo, na kabla ya jioni watu wasiomjua walikuwa wanakuja kumwomba acheze nao. Angekaa na sisi, tungemkatalia kila biashara kwa sababu tunamjua.

Mkikaa kwenye mchezo huo, shikeni hili tu: ukirusha dadu mbili kuna njia 36 za kuangukia. Saba inatoka kwa njia sita, sita na nane kwa njia tano kila moja, mbili na kumi na mbili kwa njia moja moja. Saba haina kigae, ndiyo inayomwita mwizi, anayezuia kigae kisitoe mali. Basi jenga karibu na sita na nane. Mengine utayaona humo humo.

Bao msiliache nyumbani. Bebeni ubao wenu na kete zote 64. Watu wanaokuja na michezo ya maboksi wengi wao wana hamu ya kujifunza bao, na mara nyingi hakuna aliyeleta. Kama anayejifunza hajawahi kabisa, mwanzisheni na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, mashimo 32, mnaanza kuteka moja kwa moja. Bao la Kiswahili lenyewe, lenye namua (kuingiza kete za mkononi) na mtaji (kucheza zilizo ubaoni), mwekeeni baadaye.

Yule mzee wa mlangoni niliyemtaja alikuwa wa bao la Kiswahili. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanionyesha kiti. Akapanga: kete sita kwenye nyumba, lile shimo la pembe nne, mbili na mbili kwenye mashimo yanayofuata, 22 mkononi. Nikapanga zangu. Vidole vyake vinene, lakini kete zilikuwa zinadondoka moja moja bila kugongana, na alikuwa anajua zinaishia wapi kabla hajazigusa. Mimi nilikuwa na hamu ya kusafirisha nyumba yangu mapema, yaani kuchukua kete zake zote na kuzisambaza. Kila nilipotaka kuichukua alikuwa ananiambia, "Kijana, nyumba yako ikikaa, mimi ndiye siwezi kulala. Ukiivunja umenipumzisha." Kisha anasubiri niamue mwenyewe. Nilicheza naye asubuhi ile hadi mbele kwangu pakabaki patupu, nikawa nimefungwa, na nikaomba tena. Namna ninavyocheza bao sasa imetokana na asubuhi hiyo.

Drafti nalo mtakuta meza nyingi, ila kubalianeni sheria kabla ya kete ya kwanza. Kula ni lazima au si lazima, kingi anatembea mbali au hatua moja, kila kijiwe kina yake. Ugomvi niliouona ukumbini kila mara ulikuwa wa drafti.

Kuna meza nyingine ambayo mtu wa Mbeya anaweza kuipita akidhani ni kikao: watu watano wamekaa, hakuna ubao, mmoja anasimulia. Hiyo ni michezo ya kuigiza wahusika, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa Dungeons & Dragons. Msimulizi anakupa hali, unasema mhusika wako anafanya nini, dadu lenye pande 20 linaamua kama umefaulu. Pale Iringa msimulizi aliipeleka hadithi Kalenga, Oktoba 1894, Wajerumani wanakaribia kuingia kwenye ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Sisi tulikuwa wajumbe tunaopaswa kuitoa familia ya mzee mmoja usiku. Kiswahili kitupu, na Kihehe kikiingia pale mambo yalipobana. Binti aliyecheza mlinzi wa mto alirusha dadu likasimama kwenye moja, namba mbaya kuliko zote, na meza nzima ilishika kichwa. Mnaotoka nje ya Iringa nawasihi kaeni kwenye meza ya namna hiyo walau mara moja, mtawajua wenyeji kwa njia ambayo hamtaipata stendi.

Nimewahi kusikia watu wakisema mambo haya ni ya wazungu. Ni kweli matamasha makubwa yako kwao: lile la Essen, Ujerumani, lilianza 1983 na mwaka 2024 lilipata wageni zaidi ya 200,000. Lakini hata kule mgeni anakaa na asiyemjua, anafundishwa, anainuka, anakwenda meza ya pili. Na watu kukusanyika kwenye bao au karata chini ya mwembe, sisi hatukufundishwa na mtu.

Jambo la kuchunga ni mfundishaji. Akianza kusoma kitabu cha sheria toka ukurasa wa kwanza, mwombeni kwa heshima mcheze mzunguko mmoja wa majaribio kadi zikiwa wazi. Wengi wanakubali na wanafurahi. Akikataa, shukuruni mwondoke. Siku mbili ni chache.

Kwa usiku wenu, tafuteni mchezo wa kushirikiana. Pandemic unafaa, ni wa watu wawili hadi wanne, wote mko upande mmoja mnapambana na magonjwa manne yanayosambaa duniani. Mtakuwa mmechoka kushindana, na mtakuwa na mengi ya kusimuliana huku mkicheza.

Mengine ni ya kawaida. Kwa basi kutoka stendi ya Nanenane, pandeni la alfajiri, mtapita Chimala, Makambako, Mafinga, mshuke stendi ya Igumbilo na kupanda mjini kwa daladala au bajaji. Chumba cha watu wawili wawili kinapunguza gharama, ila ulizeni kwanza kama kina meza au sehemu ya kukaa. Masweta bebeni, hasa mwezi wa sita na wa saba, kwa sababu kukaa kwenye kiti saa nyingi kunaleta baridi hata kwa aliyezoea Uyole. Na chakula kizuri kiko nje ya ukumbi: sisi tulikuwa tunakula wali maharage kwa mama mmoja jirani, na nusu ya wachezaji tulikuwa tunakutana huko.

Tiketi za kurudi nunueni siku ya kwanza kabisa. Mabasi mengi ya Mbeya yanayopita Iringa yanatoka Dar asubuhi, yanafika alasiri, na mara nyingi nafasi zimeshajaa. Sisi hurudi Jumatatu, kwa sababu Jumapili jioni wageni wakipungua ndipo meza nzuri zinapopatikana na watu hawana haraka. Kama kuna mwenzenu asiyeweza kukosa kazi Jumatatu, mkatieni yeye tiketi ya Jumapili, nyie watatu mbaki.