Kwa nini Sierra Nevada Pale Ale yako haikunukia

Ndugu, umesema uliifungua bia hii ikitoka kwenye friji, ukainywa kwenye chupa, na hukupata harufu yoyote ile ambayo watu wanaisifu. Baridi kali huficha harufu, na mdomo wa chupa ni mwembamba mno. Iache mezani dakika kumi hivi, imimine kwenye glasi hadi ipandishe povu, kisha inuse kabla ya kuonja. Bia hii, inayopikwa Chico, California tangu 1980, inategemea hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za aina ya Cascade, kwa hiyo tafuta harufu ya ganda la balungi na ya msonobari. Nyuma yake kuna kimea chenye utamu kidogo wa karameli. Uchungu uje mwishoni, ukaushe ulimi bila kukwaruza koo.

Lakini kubwa kuliko yote, tazama tarehe! Harufu ya hopsi hufifia mapema, hasa chupa ikikaa dukani kwenye joto. Ukisikia harufu ya boksi lililolowa, hewa imeshaiharibu. Usiihukumu kwa chupa hiyo, tafuta mpya. Mashapo ya chini ni hamira tu, hayana madhara.