Buluu inaliwa na maji, si dawa

Ndugu, umeuliza kwa nini picha zako za sayanotaipi (picha za buluu zinazochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa yenye madini ya chuma) zinapoteza buluu na kuingia umanjano ukiziosha. Dawa yako iko sawa. Kinachokula buluu ni maji ya kuoshea. Maji mengi ya visima huku Dodoma ni magumu, yana chumvichumvi, na rangi ya sayanotaipi huvunjika ikikutana na chochote chenye hali ya magadi: hubaki umanjano wa kutu, ndio huo unaouona pembeni mwa kivuli cha jani. Kwenye beseni la plastiki tia vijiko viwili vya siki nyeupe kwa kila lita, suuza dakika 5, kisha malizia na maji ya mvua mpaka sehemu nyeupe ziache kutoa umanjano. Sabuni usiiguse kabisa.

Ila kama buluu yote inamwagika mara tu karatasi inapogusa maji, hapo jua halikutosha. Iache karatasi juani mpaka sehemu zisizofunikwa zipite buluu na kuwa za kijivu kama risasi. Uwiano wako wa dawa usiubadilishe: gramu 25 za amonia feriki sitreti na gramu 10 za potasiamu ferisianaidi, kila moja kwa mililita 100 za maji, ukichanganya nusu kwa nusu.