Kindi kamaliza alizeti zote, ndege wamebaki wanatazama

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nakaa Leicester, mama yangu alikuja toka Tanga mwezi wa tisa kunitembelea, baridi ilivoanza akawa hatoki nje kabisa, nikaona nimnunulie fida ya ndege (kile chombo cha kuwekea ndege chakula) tuitundike uwani awe anawatazama dirishani na chai yake. Wiki ya kwanza raha tupu, vile vindege vya buluu na njano, robin, wote wanakuja. Wiki ya pili akaja kindi. Katafuna plastiki mpaka katoboa, karanga na alizeti zimeisha kwa siku moja, na sa hizi kazi ya mama ni kugonga kioo na bakora "tokaaa!", kindi anamwangalia tu huku anatafuna. Nguzo nshaipaka vaseline. Kuna mtu kanambia nitie pilipili, naogopa ntaua ndege. Jirani kasema ataniazima mtego nimkamate nikamwachie park. Nifanyeje?
Mama Wawili, Leicester

JIBU: Marahaba mwanangu, nisalimie mama na mpe pole ya bakora.

Ntaanza na mtego maana huko ndo utajitafutia kesi. Kindi wa kijivu hapo Uingereza si mwenyeji, kaletwa toka Marekani, wa mwanzo kuachiwa kwa kumbukumbu zilizopo ni mwaka 1876 kule Cheshire, tajiri mmoja aliona watapendezesha bustani yake. Wakazaana, wakawapokonya kindi wekundu wa asili chakula, na wanabeba ugonjwa wa ndui ambao wao wenyewe hauwasumbui ila mwekundu unamuua. Kwa hiyo sheria inasema ukishamnasa huruhusiwi kumwachia tena, si park, si msituni, popote. Maana yake ukimkamata inabidi auawe, tena kwa njia isiyomtesa, na usije ukasikia ya watu ukamtosa kwenye ndoo ya maji, watu wameshafikishwa mahakamani kwa hilo. Mwambie jirani abaki na mtego wake na asante nyingi.

Vaseline nayo ifute leo leo. Kindi itamsumbua siku mbili tatu, lakini ikimgusa ndege manyoya yanagandana, hapati joto wala haruki vizuri, na kwa baridi hiyo ndo basi tena.

Sasa njoo kwenye penyewe. Watu wengi wanapigana na kindi kwenye fida, wananunua hii, wanabadilisha ile, wakati vita iko njiani, yaani anafikaje pale. Kindi ana njia tatu tu: apande toka chini, aruke toka pembeni, au ashuke toka juu. Toka chini anaruka kama mita 1.2 wima bila kushika kitu, na pembeni mita mbili na nusu hivi kwake si kazi. Kwa hiyo chukua nguzo ya chuma, nyembamba na laini, isimamishe katikati ya majani, mita tatu toka kwenye uzio, mti, paa la banda, kamba ya kuanikia, hata lile pipa la taka lihesabu. Halafu kwenye nguzo vesha kimwavuli cha bati, upana kama sentimita 45, kikae chini ya fida lakini kisishuke chini ya hiyo mita 1.2. Mama ataelewa haraka ukimkumbusha bandarini Tanga, zile sahani za bati zinazovishwa kwenye kamba za meli ili panya wasipande. Ndo kitu kilekile.

Mi nilikaidi nikasema mita mbili zinatosha, bustani yangu ndogo. Asubuhi moja nimeshika kikombe namwona jamaa juu ya uzio, kajikunja, kakaa, kapima kwa macho weee, mara huyo! Akanasa kwenye fida, akageuza nyayo za nyuma (zinageuka kabisa zile, ndo maana anashuka mti kichwa chini), akaning'inia miguu juu, mikono yote miwili iko huru, akafungua kifuniko kama mtu anafungua hotpoti mezani. Sikumgombeza. Nilienda kuhamisha nguzo.

Kama uwa wako hauna hizo mita tatu, na nyumba nyingi za hapo hazina, basi ndo ununue fida ya springi. Robin ana gramu kama 18, kindi wa kijivu ana nusu kilo, akikalia tu uzito wake unashusha kibati kinaziba matundu. Ghali kidogo lakini ya chuma itadumu, plastiki usirudie tena, meno yale hayaachi kuota maisha yake yote, lazima atafune.

Pilipili haiui ndege wala hawaisikii ukali, kwetu si umeona shore wanavyomaliza mti mzima wa pilipili kichaa na kesho wanarudi. Kindi ni mnyama kama sisi, inamuwasha. Ila unga wa pilipili mi siushauri, upepo unaurusha machoni mwa ndege na mwako, na mvua ya Uingereza unaijua mwenyewe, kila siku utakuwa unakoroga upya.

Na karanga zisiwe za chumvi, na zikiwa na ukungu mwaga, sumukuvu inaua ndege pia. Fida ioshe kila wiki.

SWALI: Shangazi, mi niko Columbus, Ohio, sina ugomvi na kindi. Je nikimwekea chakula chake pembeni si atashiba aache cha ndege?
Msomaji wa Columbus

JIBU: Hashibi huyo. Kindi anakula kidogo halafu anabeba akafukie akiba, moja hapa, moja kule, na hata kama zimejaa ataendelea kubeba. Nilijaribu mwaka jana, karanga za maganda kwenye kibao mwisho wa bustani, siku ya kwanza alikuja mmoja, wiki haijaisha wako watano na wanafukuzana mpaka chini ya fida. Mwezi wa sita nachota maji nimwagilie mchicha wangu kwenye vyungu, naona majani siyaelewi, kuvuta hivi, karanga zimeota.