Viberiti 24 na Nyota Moja: Krismasi Tunayoitengeneza Sebuleni

Septemba ikiingia, mimi huanza kuokota viberiti vitupu. Mama lishe wa mtaani kwetu Kimara ananiwekea vyake kwenye kopo la majani ya chai, jirani wa chumba cha uani naye ananitunzia, na mume wangu ameshazoea kusikia "usitupe hicho!" kila umeme ukikatika akawasha mshumaa. Wageni wakiliona lile kopo huniuliza kama nimefungua duka. Seti yetu ni ya 24 tu, nami natafuta vya kubadilisha vilivyochakaa, na siku hizi kuvipata si kazi ndogo, maana watu wengi wamehamia kwenye viberiti vya gesi.

Hivyo viberiti ndiyo kalenda yetu ya kuhesabia siku za Krismasi. Tarehe 1 Desemba watoto wanavuta kidroo cha kwanza, tarehe 24 wanavuta cha mwisho. Huu ni mwaka wa saba, na nimeshakosea karibu kila kinachoweza kukosewa. Naandika ili wewe ukakosee vingine.

Kabla hujagusa gundi, toa vidroo vyote uviweke pembeni. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilipaka gundi viberiti vikiwa vimefungwa, ikapenya kwenye mianya, asubuhi nikaamka na tofali. Tofali kabisa. Ilibidi tulichokonoe kwa kisu, na Desemba yetu ya kwanza ikafunguliwa kwa kilio. Kwa hiyo vidroo pembeni, halafu panga maganda manne ubavu kwa ubavu uyagandishe kwa gundi nyeupe ya maseremala. Fanya hivyo mara sita, upate mistari sita ya viberiti vinne vinne. Kila mstari uuvishe utepe wa kitenge, ukiacha wazi mdomo wa kuingizia kidroo. Upana wa utepe upime kwa kuzungusha uzi, usikisie.

Kitenge usinunue. Novemba mafundi cherehani wana mabaki hadi wanayakanyaga, kwa sababu ya nguo za sikukuu, na fundi ambaye tayari umempelekea kazi hawezi kukunyima mfuko mmoja. Mbele ya kila kidroo toboa kwa sindano, pitisha uzi wenye kifungo cha shati kuukuu, funga fundo kwa ndani. Hicho ndicho kishikio. Namba waachie watoto. Kitinda mimba wangu aliandika 6 kinyumenyume na ipo hadi leo. Anayejaribu kuisahihisha anakutana naye.

Kwa nini mistari sita na si bonge moja? Kwa sababu sisi, kama watu wengi wa Dar es Salaam, Krismasi hatuli mjini. Tarehe 21 alfajiri tunapanda basi kwenda Tukuyu kwa bibi yangu. Mistari mitano inabaki ukutani, ule wa 21 hadi 24 unasafiri kwenye mkoba wangu pamoja na mayai ya kuchemsha. Kidroo cha 21 hufunguliwa njiani, mara nyingi kwenye mlima wa Kitonga, basi likijikongoja nyuma ya malori na abiria wote wakitushangaa. Mwaka jana kuna mzee mmoja kiti cha nyuma aliomba afungue yeye.

Sasa, cha kuweka ndani. Mwaka wa pili niliweka pipi na vipande vya kashata. Tarehe 4 mwanangu mkubwa akavuta kidroo akakuta msafara: sisimizi walikuwa wameingilia namba 17 wakasambaa kote kama wamepewa ramani. Dar mwezi wa Desemba ni joto na unyevu. Kashata inatoa mafuta, pipi inanata, na ubuyu ndiyo usiseme, unachafua hadi kitenge. Ukitaka lazima kiliwe kitu, toa peremende mkononi siku yenyewe.

Tangu hapo kwenye vidroo naweka vikaratasi. "Leo chipsi mayai." "Mpigieni bibi simu, mmwimbie." "Mpelekeeni mlinzi chai ya maziwa na maandazi." "Leo tunakwenda kwa fundi kujaribu nguo." Kuna kile cha "leo baba anapika", ambacho watoto wanakisubiri mwezi mzima na baba mwenyewe anakiogopa mwezi mzima. Siku nyingine inakuwa puto, kifutio, au sarafu ya shilingi 200. Kiberiti ni kidogo, na udogo wake ndio unaokuokoa: huwezi kutia ndani kitu cha gharama hata ukitaka.

Ila usivipange vyote kwa mkupuo. Niliwahi kuandika "leo Coco Beach" kwa ajili ya tarehe 13, kumbe tarehe 13 mvua ilianza alfajiri na barabara ya Morogoro ikasimama. Mtoto haelewi habari za mvua. Anachoelewa ni kwamba karatasi imesema. Siku hizi kikaratasi nakiweka usiku wa kuamkia siku yenyewe, watoto wakishalala, nikiwa nimeshajua hali ya hewa, hali ya mfuko na hali yangu mimi mwenyewe. Siku niliyochoka huandikwa "leo tunalala mapema na hadithi mbili", na hakuna aliyewahi kulalamika.

Rafiki yangu mmoja Mlutheri aliniuliza kwa nini tusianze na Jumapili ya kwanza ya Majilio, yale majuma ya kungoja Krismasi, kama kanisani. Tatizo ni kwamba Jumapili hiyo huangukia popote kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, kwa hiyo idadi ya siku inabadilika kila mwaka. Ukianzia tarehe 1, kalenda moja inatumika miaka yote.

Na usione aibu kwamba ni vitu vya kuokota. Mwaka 1839 mwanateolojia Johann Hinrich Wichern alikuwa akilea watoto maskini katika nyumba iliyoitwa Rauhes Haus, huko Hamburg, Ujerumani. Inasimuliwa kwamba watoto walimchosha kwa swali lile lile kila siku: Krismasi lini? Akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo myekundu 20 kwa siku za kazi na mikubwa myeupe minne kwa Jumapili, wakawa wanawasha mmoja kila siku. Kalenda za kuchapisha zilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, na mmoja wa waanzilishi wake, Gerhard Lang wa Munich, alichota wazo kwa mama yake, aliyekuwa akimpangia vibiskuti 24 kwenye kadibodi. Mama yule hakuwajua sisimizi wa Kimara.

Kama unasoma haya tarehe 30 Novemba na huna hata kiberiti kimoja, kata karatasi vipande 24, vizungushe kimoja ndani ya kingine uwe mnyororo, kila siku mtoto anachana pete moja. Dakika ishirini umemaliza. Au ning'iniza bahasha 24 kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Gundi ya mnyororo ni uji tu: vijiko viwili vya unga wa ngano koroga kwenye maji baridi kikombe kimoja, bandika jikoni hadi uwe mzito, tia siki kidogo usivunde. Usiutumie kwenye kitu unachotaka kukitunza, maana mende wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda pilau.

Kwangu mimi, lakini, Krismasi hasa ni nyota. Nimekulia kwenye Umoravian, moja ya madhehebu ya Kiprotestanti. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Nyota yao ya asili ilianzia kwenye shule ya bweni ya Niesky, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, kama zoezi la jiometri. Ina ncha 25, nyingine za kitako cha pembe nne, nyingine za pembetatu. Nilijaribu kuitengeneza kwa karatasi ya manila. Nilifika ncha ya tisa. Zile tisa zikageuka kofia za midoli.

Nyota ninayokushauri ni nyepesi zaidi na ni nzuri kuliko unavyotegemea. Kata karatasi nane za mraba, sentimita 10 kila upande, nyembamba kiasi. Karatasi za kufungia zawadi zinafaa, hata nyeupe ya kuchapishia si mbaya. Kunja moja kona kwa kona, ikunjue, ibaki na mstari katikati. Chagua kona moja iliyo kwenye mstari huo, na zile pande mbili zinazokutana hapo zilaze zote mbili ziguse mstari. Umepata umbo la tiara, ile wanayorusha watoto: ncha kali upande mmoja, upande wa pili ile kona ya mraba ambayo hujaigusa. Fanya zote nane hivyo.

Kuunganisha ndiko watu wanakokwama, kwa hiyo nenda polepole. Kona ya mraba inakaa katikati ya nyota, ncha kali inatazama nje. Chukua tiara ya pili uiweke juu ya ya kwanza, kona za mraba zikutane nukta moja, na ukingo mfupi wa ya pili ulale sawasawa juu ya mstari wa kati wa ya kwanza. Gundi tone moja. Ya tatu juu ya ya pili vivyo hivyo, hadi ya nane, ambayo ubavu wake utauingiza chini ya ya kwanza. Ukiona ya nane haifiki au inapitiliza, kuna moja katikati hukuilaza juu ya mstari. Nyota iliyokamilika ina upana wa karibu sentimita 28. Ipe mwanga nyuma uone kazi: karatasi zinapopandana rangi inakolea, na ndani ya nyota kubwa inatokea nyingine ndogo ambayo wewe hukuichora. Kwetu dirisha ni nondo na wavu wa mbu, basi naitundika kwa uzi kwenye nondo. Usiku wapita njia ndio wanaofaidi.

Mti ni tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga. Mwagia mchanga maji kila siku mbili, la sivyo wiki ya pili utakuwa unafagia sindano zake asubuhi na jioni. Kuutundikia, fungua boksi la maziwa au juisi: ndani limevaa rangi ya fedha, na ukikata nyota humo hutahitaji pambo la Kariakoo. Lioshe kwa sabuni kwanza. Nimewahi kuharakisha, na sebule ikanuka maziwa mgando hadi tukaanza kumshuku paka.

Mapambo ya unga na chumvi unayoyaona kwenye video za wenzetu, vikombe viwili vya unga, kimoja cha chumvi, maji, unafinyanga na kukausha, nimeyafanya mara mbili na sirudii. Yalikauka vizuri juani siku tatu. Ilipofika siku ya tano mvua za vuli zikarudi, chumvi ikavuta unyevu, malaika wakaanza kutoa jasho, mmoja akakatika shingo akaangukia kwenye mchuzi. Kama uko mahali pakavu, au una vanishi ya kuyapaka kote, jaribu. Mimi badala yake nachukua ndimu ngumu nazichomeka karafuu, natundika jikoni. Zinakauka, zinanukia, na bibi anasema zinafukuza mbu, jambo ambalo sijalithibitisha lakini sibishani na bibi.

Sebule yake bibi, nilipokuwa mdogo, ilipambwa kwa karatasi za chooni, zile za rangi ya waridi na bluu, zikisokotwa na kuvutwa kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine, na mapulizo pale zinapokutana. Watu sasa wanacheka. Mimi nazitundika hadi leo, roli mbili tu zinatosha chumba kizima, na baada ya sikukuu zinarudi kwenye kazi yake. Hata pamba ya hospitali juu ya mti naiweka, na msiniambie habari za theluji. Tulipochana mifuko ya plastiki kuwa vishada ndiko sitarudi, na tangu ipigwe marufuku Juni 2019 hata haiwezekani.

Jambo moja silifanyii mzaha: mshumaa mbali na haya yote. Karatasi, kitenge na tawi lililokauka ni kuni. Umeme ukikatika, mshumaa unakaa kwenye sahani yenye maji, meza nyingine.

Tarehe 6 Januari tunashusha. Vidroo vinarudi kwenye viberiti, nyota inalazwa katikati ya gazeti, vyote kwenye kopo la biskuti pamoja na karafuu chache. Mwaka wa tatu niliviacha kwenye boksi la viatu kando ya mlango, na dada wa kazi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefika, akaona takataka zikiwa zimepangwa vizuri akamsaidia mzoa taka kuzibeba. Sasa kopo liko juu ya kabati, limeandikwa kwa kalamu nene pande zote nne na kwenye mfuniko: SI TAKA.