Jibu: Mzee kastaafu hatoki nje, kweli ndege watamsaidia?

Mkuu, umeuliza kama ule utafiti wa ndege na afya ya akili unamhusu mzee wako, ambaye tangu astaafu ni kochi na TV tu. Mimi nakaa na baba hapa Luchelele, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Ana presha, na magoti yanamsumbua.

Utafiti wenyewe ni wa King's College London, ulitoka 2022. Watu 1,292 waliulizwa kwenye simu zao mara tatu kwa siku, kwa wiki mbili: umeona au kusikia ndege? Unajisikiaje? Waliokutana na ndege walijisikia vizuri zaidi, na nafuu iliweza kudumu kwa muda wa hadi saa 8, hata kwa wenye sonona. Ila haukuwa utafiti wa wazee, na walichopima ni jinsi mtu anavyojisikia, si presha. Kwa hiyo mwenye vidonge vya presha aendelee navyo.

Kwa baba, naona kinachomtoa ndani ni kuwa na kitu cha kufuatilia. Ukisema "twende mazoezi", atakutajia magoti. Ukisema furukombe, yule tai mla samaki, karudi kwenye ule mti, keshavaa kofia. Tunakwenda polepole hadi kwenye majabali, pimbi wanaota jua, mijusi kafiri madume wanapiga pushapu kama makuruta. Ndege dudumizi akilia, baba anatangaza mvua na kubishana na utabiri wa redio. Shirika la Afya Duniani linataka wazee wafanye angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kulinda mizani ya mwili wasianguke. Njia ya mawe na fimbo mkononi inasaidia kwa yote mawili, bila mtu kuita mazoezi.

Faida nyingine sikuitarajia. Niligundua kwamba baba anamsikia furukombe vizuri, lakini vile vindege vya sauti nyembamba hasikii kabisa. Uzee huanza kula sauti za juu. Nyumbani tulidhani anatupuuza! Tulimpeleka kupima masikio, na sasa tunajua tuongee naye tukiwa tumemtazama usoni.

Tahadhari: msiende alfajiri sana, kiboko huwa anarudi majini kutoka malishoni. Matete yaacheni, kuna mamba. Wala asitie miguu ziwani, maana vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi. Kama alikulia kuvua na kuoga huko, apimwe hata kama hajalalamika. Kichocho cha tumbo huharibu ini taratibu kwa miaka, na dawa yake, praziquantel, ipo.

Darubini usinunue kwanza. Mzee anakaa upande gani wa mji? Kama ni mbali na ziwa, tafuta mti wenye viota vya mnana, muwekee kiti chini yake, ila asikae palepale panapodondoka kinyesi.