Anayemwogesha Mgonjwa Ana la Kusema

Wodini, anayekaa na mgonjwa muda mrefu zaidi mara nyingi ndiye mwenye cheo cha chini kabisa. Muuguzi msaidizi ndiye anayemwogesha, anayemlisha, anayembadilishia mashuka na kumgeuza ili asipate vidonda vya kulalia. Ngozi ya mgongoni inapoanza kuwa nyekundu, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Kwa hiyo nikisikia mwenzangu akisema "huyo msaidizi tu", naumia. Kauli kama hiyo inamfunga mtu mdomo, na anayelipia ni mgonjwa.

Kuna zamu ya usiku ninayoikumbuka sana. Vipimo vya jioni vya mzee mmoja havikuwa na tatizo. Msaidizi aliyekuwa akimtandikia kitanda akanifuata: "Dada, huyu mzee leo hamalizi sentensi bila kutweta." Nikaenda kumhesabia pumzi dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mzee alikuwa amepita hapo kwa mbali. Daktari akaitwa, oksijeni ikawekwa mapema. Presha yake wakati huo bado ilikuwa nzuri, na mashine peke yake isingetushtua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: msikabidhiane zamu bila wasaidizi kuwepo. Muulize kila mmoja, kwa jina lake, ameona nini ambacho hakijaandikwa kwenye faili, halafu nyamaza umsikilize. Majina yana uzito. Orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 inataka timu yote ijitambulishe kwa jina na kazi kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Ilipojaribiwa katika hospitali za miji minane, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo ina mambo mengi, sitayapa majina sifa yote, lakini aliyekwisha kutaja jina lake mbele ya wakubwa huwa haoni taabu kusema tena.

Wewe unayegawa kazi, igawe kwa maneno kamili. "Mwangalie yule wa dirishani" haitoshi. Sema: "Mpime presha kila nusu saa, namba ya juu ikishuka chini ya 90 uniite papo hapo." Usimpe kazi ambayo hajafundishwa, na ukishampa, ujue bado unawajibika kufuatilia. Akikosea, mrekebishe pembeni, si mbele ya mgonjwa na ndugu zake, isipokuwa kuna hatari ya wakati uleule. Na kama uko karibu na mgonjwa anayeomba chombo cha haja, mpe wewe mwenyewe. Hakuna digrii inayokuzuia.

Kwa kijana aliyetoka chuoni na shahada akakabidhiwa kusimamia wenye cheti waliozeeka kazini: uliza kabla ya kubadilisha chochote. Mama aliyehudumia wodi ileile miaka na miaka anajua kwa nini kile kitanda kimewekwa pale.

Nanyi wasaidizi, msingoje kuulizwa. Eleza mgonjwa ni nani, umeona nini, tangu lini, na unaomba kifanyike nini. Hata kama huna jina la ugonjwa, sema, "Tangu saa nane hanijibu kama kawaida, naomba uje umwone sasa." Ukipuuzwa, rudia, ukitamka wazi kwamba una wasiwasi na usalama wa mgonjwa. Ukipuuzwa tena, nenda kwa anayemzidi cheo, na umwambie huyo wa kwanza kwamba ndiko unakokwenda.